Jicho Lisilo Kisogo

Mhadhara juu ya kuanza upigaji wa picha za tufe, uliosomwa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya walimu, wanafunzi wa sanaa na watunzaji wa majengo ya kale



 Upigaji wa picha za tufe, machoni pa wengi, bado una sura ya mchezo wa vijana. Nimetakiwa nieleze jinsi mtu anavyoweza kuanza kupiga picha za tufe, yaani zile picha ambazo mtazamaji, akivaa miwani ya uhalisia pepe au akisukuma kwa kidole kioo cha simu yake, hujiona yu katikati ya mahali, akageuka kulia na kushoto, akainua uso akaiona dari, akainama akaiona sakafu. Kusudi langu si kuwauzia kamera, wala si kuwahesabia vyombo vyote vilivyomo madukani. Nataka kuthibitisha jambo moja ambalo anayeanza aghalabu huambiwa mwisho, ilhali lilistahili kutangulia: kwamba katika fani hii kazi kubwa ya mpiga picha ni kuichagua nukta ya kusimama, na akiisha kuichagua asiiache, na habari za lenzi, za mwanga na za kompyuta zote zinafuata hapo.

Hoja ya kwanza: fani ni kongwe kuliko vyombo vyake

Yuko atakayedhani kuwa mambo haya yamezaliwa na kompyuta, na dhana hiyo humtia anayeanza hofu isiyo na msingi. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, alijipatia hataza ya kuchora juu ya ukuta wa mviringo mandhari yote yanayomzunguka mtu, na mwaka 1793 akafungua katika Leicester Square, London, jengo la duara lililojengwa makusudi kwa kazi hiyo. Watu walilipa kiingilio wakapanda jukwaa la katikati, na ukingo wa juu na wa chini wa mchoro ulikuwa umefichwa ili jicho lisipate mpaka wa kuushika. Huko The Hague, Uholanzi, ungali upo hadi leo mchoro wa namna hiyo uliokamilishwa mwaka 1881 na Hendrik Willem Mesdag, wenye kimo cha mita 14 hivi na mzunguko wa mita 120 hivi, unaoonyesha kijiji cha wavuvi cha Scheveningen. Na ili aupate ulinganifu wake, Mesdag alisimama juu ya kilima cha mchanga ndani ya silinda ya kioo, akachora juu ya kioo hicho kile alichokiona nje. Tazameni hikima yake: bwana yule hakuwa na kamera mkononi, lakini alikwisha kujua kuwa mandhari yote sharti yaonekane kutoka nukta moja, na silinda ile ilimfunga hapo.

Nao mtindo wa kuitandaza tufe juu ya bapa, ambao programu za leo zinautumia, una umri mkubwa zaidi. Picha ya tufe iliyokamilika huhifadhiwa kuwa mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo chake, digrii 360 kwa 180, mistari ya longitudo imesimama na ya latitudo imelala, yote imenyooka, hata nukta iliyo juu ya utosi ikavutwa ikawa mstari mzima wa ukingo wa juu. Ptolemy, mwanajiografia wa kale ambaye wanazuoni wa Kiarabu walimwita Batlamiyus, anamtaja Marinus wa Tiro kuwa alichora ramani kwa mtindo huo takriban karne ya kwanza na ya pili baada ya Nabii Isa, na anamlaumu kwa kuyapotosha masafa. Na katika maelezo hayo hayo, akimjadili Marinus huyo huyo, ametuhifadhia habari za mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu hii ambayo wanavyuoni hawajaafikiana mahali pake. Basi mtu akiitandaza leo picha ya msikiti wa Kilwa juu ya mstatili, anatumia kanuni ya mtu aliyekwisha kujaribu kuipima pwani hii kwa kusikia tu.

Hoja ya pili: nukta moja, wala si mbili

Hapa ndipo penye kiini, na ninaomba radhi nikikawia.

Naomba kila mmoja wenu afumbe jicho moja, anyanyue kidole gumba shubiri moja mbele ya uso, akilinganishe na mwimo wa mlango ule, kisha ageuze kichwa polepole pasi na kuusogeza mkono. (Naona wazee wa safu ya mbele wanacheka, fanyeni tu, hakuna anayewatazama.) Kidole kimeuacha mwimo. Kimeuacha kwa sababu iliyozunguka ni shingo, na jicho halimo shingoni, limo mbele yake; kila kichwa kigeukapo, jicho hubebwa upande kidogo, na kilicho karibu hukosana na kilicho mbali. Kamera nayo, inayozungushwa ili picha zake kadhaa ziunganishwe kuwa tufe moja, ina shingo yake, ambayo ni tundu la skrubu lililo chini ya kiwiliwili chake, na ina jicho lake, ambalo limo ndani ya lenzi, pale ambapo uwazi wa kupitisha mwanga unaonekana kuwapo ukiitazama lenzi kwa mbele. Mhimili wa kuzungukia yafaa upite katika jicho, usipite shingoni.

Sasa tuingie katika hesabu, maana asiyeuona ukubwa wa kosa hataiona thamani ya dawa yake. Tuseme kamera imezungushwa kwa mhimili ulio sentimita 10 nyuma ya nukta ile, na baina ya picha moja na ya pili imegeuzwa digrii 60. Handasa inatuambia kuwa nukta imehama sentimita 10 zile zile. Nguzo iliyo mita 1 kutoka kwenye mhimili itaonekana imehama kiasi cha digrii 6, na ukuta ulio nyuma yake, mita 5, kiasi cha digrii 1 tu. Tofauti ni digrii 5. Picha ya tufe yenye upana wa pikseli 8,000 huigawia kila digrii pikseli 22. Basi nguzo na ukuta vitakosana kwa pikseli zaidi ya 100, na hakuna programu itakayoufunika ufa wa kadiri hiyo bila ya kuacha kovu. Lakini toka nje, nenda ufukweni, kitu cha karibu kiwe mnazi ulio mita 100 na nyuma yake bahari: kosa lile lile sasa ni pikseli moja au zaidi kidogo, wala jicho halilitambui. Mchanga wa miguuni uko karibu, ni kweli. Ila mchanga hauna mistari, na kosa lake halishuhudiwi na mtu.

Kutokana na hesabu hiyo natoa ushauri ambao wauza vyombo hawataupenda. Anayeanza asinunue kwanza kichwa cha panorama, yaani kishikio cha kuzungushia kamera juu ya stendi, chenye reli na vipimo. Aende dukani kwa vifaa vya ujenzi anunue timazi, hii hii wanayoitumia waashi kunyoosha ukuta, aifunge uzi wake katika mzingo wa lenzi karibu na nukta tuliyoitaja, aweke sarafu ardhini, kisha azunguke yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, huku ncha ya timazi ikining'inia juu ya sarafu ile ile na kamera ikikaa kimo kile kile. Wako mabingwa wa fani hii waliozunguka nchi nyingi kwa uzi na uzito tu, na picha zao hazina ufa. Faida yake ni mbili: mtu huanza kwa gharama ya shilingi kidogo, na mwili wake hujifunza mhimili uko wapi, jambo ambalo chombo kilichokwisha kupimwa kiwandani hakimfunzi.

Akitoka ufukweni akaingia chumbani, ndipo mkono hautoshi, na ndipo stendi na kichwa chake vinapohitajiwa. Hapo itambidi aitafute nukta kwa dhati. Asimamishe fito mbili, mmoja karibu na mwingine mbali, azilinganishe hadi wa karibu uufunike wa mbali, kisha aigeuze kamera. Akiigeuza kulia na ufito wa karibu ukakimbilia kushoto kwa ule wa mbali, lenzi iko mbele mno: airudishe nyuma juu ya reli. Ukikimbilia kulia, aisogeze mbele. Zikikaa pamoja tangu ukingo mmoja wa picha hadi wa pili, achore alama juu ya reli kwa msumari, na kazi hiyo hairudii tena maadamu lenzi ni ile ile na umbali wake haukubadilishwa. Reli yenyewe si lazima itoke ng'ambo. Fundi mzuri wa kuchomelea aweza kuifanya kwa vipande viwili vya aluminiamu.

Hoja ya tatu: lenzi, mwanga na kushona

Idadi ya picha hufuata upana wa lenzi. Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya jicho la samaki ya milimita 8 yaweza kuimaliza tufe kwa picha tatu au nne; ya milimita 15 hutaka sita za kuzunguka, moja ya juu na moja ya chini; na lenzi ya kawaida ya milimita 24 hutaka takriban 30 kwa safu tatu. Kila picha impandie mwenzake robo hadi theluthi. Mimi humshauri anayeanza achukue ile ya kati, kwa kuwa picha nane zinahesabika kichwani, na mtu aliyesahau moja hugundua kabla hajafunga mkoba.

Juu ya mwanga, kanuni ni fupi kuliko utekelezaji wake: kila kitu kifungwe kwa mkono. Kasi, uwazi wa lenzi, wepesi wa kihisi, rangi ya mwanga na umbali wa kulenga, vyote vikiisha kuchaguliwa visiguswe hadi duara limekwisha, kwani kamera ikiachiwa iamue yenyewe itang'arisha upande wa kivuli na kuufifisha upande wa jua, na mbingu itakuja na viraka. Ugumu wake utauona katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukumbi wa kaskazini, ulio mkongwe, hauna paa. Upande wa kusini, ulioongezwa katika karne ya 14, umefunikwa kwa makuba na matao ya mawe ya matumbawe. Mtu akisimama chini ya matao saa sita mchana, mgongoni ana kiza cha kuba na usoni ana jua kali juu ya mawe meupe, na hakuna kipimo kimoja cha mwanga kitakachovitendea haki vyote viwili. Hapo kila upande hupigwa mara tatu, moja ya wastani, moja ya giza zaidi kwa hatua mbili na moja ya mwangaza zaidi kwa hatua mbili, kisha programu huzichanganya. Ila dawa iliyo bora ni kufika asubuhi, wakati jua lingali chini na mawe hayajaanza kuwaka.

Kushona picha, yaani kuziunganisha ziwe tufe moja, ni kazi ya kompyuta, na programu ya Hugin hupatikana bure kwa kila mtu. Misingi yake imetokana na zana alizozitoa Helmut Dersch, mwalimu wa Kijerumani, mnamo 1998. Programu hutafuta nukta zinazofanana katika picha mbili zinazopandana, ikazikaza pamoja. Basi mjue udhaifu wake: ukuta uliopakwa chokaa upya hauna nukta, mbingu tupu haina nukta, na bahari inazo nyingi za uongo kwa kuwa wimbi halingoji. Mwenye kupiga chumba cheupe cha nyumba zetu za mawe aelekeze mpandano kwenye vidaka, kwenye mwimo wa mlango, kwenye boriti za dari, mahali jicho la mashine litakapopata pa kushika. Ngalawa nayo ikikatiza pale picha mbili zinapokutana, itatokea ina tanga moja na miili miwili. Ingojeni ipite.

Mtaniuliza juu ya zile kamera ndogo zenye lenzi mbili zilizopeana mgongo, ambazo tangu Ricoh Theta ya mwaka 2013 zimekuwa rahisi kupatikana, na ambazo humaliza tufe kwa kubonyeza mara moja. Sizidharau. Kwa mkaguzi wa jengo anayetaka kumbukumbu ya vyumba vingi kwa siku moja, hakuna kilicho bora. Lakini lenzi mbili ni nukta mbili, na kitu kilicho karibu mno na mshono wake hupindika. Na kijana aliyeanza na chombo hicho hatajua kwa nini kimepindika.

Hoja ya nne: asiye na fremu hana pa kuficha

Mpiga picha wa kawaida huchagua kwa kukata. Takataka zikiwa kushoto, huelekeza kamera kulia. Jirani akiwa dirishani, hulikata dirisha. Mpiga picha wa tufe amenyang'anywa uwezo huo, hata yeye mwenyewe akitaka kutoonekana sharti ajibanze nyuma ya kamera na kuzunguka nayo. Alichobakiziwa ni mahali na saa. Akisogea nusu mita karibu na nguzo, nguzo itameza robo ya dunia. Akisimama katikati kabisa ya ukumbi, kila kitu kitakuwa mbali sawasawa na macho yatachoka kwa kukosa pa kutua. Aghalabu mahali pema ni kando kidogo ya katikati, kitu kimoja kikiwa karibu cha kumkaribisha mtazamaji, na njia moja ikiwa wazi ya kumwita aende.

Na kwa kuwa hakuna kinachofichwa, hodi yetu hapa ina uzito zaidi kuliko kwa mpiga picha mwingine. Nyumba ya Kiswahili imepangwa kwa daraja: baraza ni ya mpita njia, sebule ni ya mgeni, ndani ni ya wenyewe. Mwenye nyumba aliyekuruhusu kupiga picha ya sebule hakukuruhusu kuuona mlango ulio wazi nyuma yako na waliopo uani. Lakini picha yako itauona. Mwonyesheni kwanza, juu ya simu, picha nyingine ya tufe, ili ajue anaruhusu nini. Kisha milango ifungwe, na picha iliyokwisha aione yeye kabla ya mtu mwingine. Msikitini nako kadhalika: muulizeni imamu saa gani hakuna anayeswali, wala msitegemee kuzifuta nyuso baadaye kwa kompyuta.

Hoja ya tano: kutazamwa, na kudumu

Kwa wenye miwani ya uhalisia pepe, mambo mawili yatosha kwa leo. Kamera ikae kimo cha jicho la mtu, mita 1.6 hivi kwa aliyesimama, kwa kuwa iliyowekwa juu mno humfanya mtazamaji ajihisi anaelea. Na upeo wa macho ulale sawa, kwa sababu ukiinama hata kidogo humtia kizunguzungu mtu ambaye mwili wake unamwambia kuwa amekaa wima. Kuhusu ukubwa, pikseli 8,000 kwa 4,000 zaonekana nyingi, lakini dirisha la kutazamia lenye upana wa digrii 90 huonyesha robo tu, pikseli 2,000.

La kudumu ni zito zaidi. Kampuni ya Apple ilileta QuickTime VR katikati ya miaka ya 1990, na kazi nyingi nzuri zikahifadhiwa kwa mtindo wake. Baadaye watu wakahamia Flash, nayo Adobe ikaacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Picha zilizofungwa ndani ya mitindo hiyo leo hazifunguki kwa urahisi, na aliyekuwa hana nakala nyingine amepoteza. Kwa hiyo tunzeni picha ghafi zote, na mstatili uliokamilika katika faili ya kawaida, pamoja na karatasi iliyoandikwa mahali, tarehe, saa, kimo cha kamera na upande wa kaskazini. Ziara zenye vitufe vya kubonyeza zitengenezeni kwa ajili ya wageni. Msizifanye kuwa ghala.

Mabibi na mabwana, sina haja ya kuwakumbusha tarehe 25 Desemba 2020, siku ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Picha za sura yake ya mbele zipo za kutosha. Nionavyo, tunalohitaji kuanzia sasa ni daftari la nukta: mahali palipochaguliwa katika kila jengo la thamani, hapa mjini, Kilwa, Songo Mnara, Gede na Lamu, pakapimwa kwa utepe kutoka kuta mbili (msithubutu kupigilia msumari katika sakafu ya urithi), ili mtu wa pili arudi baada ya masika na mtu wa tatu baada ya miaka kumi, kila mmoja aweke lenzi pale pale, na mtazamaji wa baadaye aweze kuona ufa ulipoanza na ulivyotembea. Kazi hiyo haingoji fedha za wafadhili. Darasa moja lenye kamera moja na timazi moja laweza kuianza mtaani kwake, na swali ambalo ningependa tulijadili pamoja, kabla ya adhana ya magharibi, ni nani atakayelitunza daftari lenyewe, maktaba, idara au shule.

Maswali nayapokea sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti akiniruhusu. Na atakayetaka kuona jinsi uzi unavyofungwa katika lenzi asogee hapa mbele, sarafu ameshanikopesha bwana mmoja.